Punje Tano na Harage Moja

3 Machi

Wanakikundi wenzangu, mliponikabidhi kituo cha redio cha Bagara mlinipa na daftari hili, mkaniagiza niandike humo masika yote, na mvua zikiisha nisimame mbele yenu niyasome niliyoandika bila kufuta mstari. Nimeyakubali masharti hayo. Naandika nikijua kwamba mtanisikia.

Kwa faida ya wasiokuwepo siku ile: redio za upepo tulizonazo ni thelathini na nane, kila moja mikononi mwa mhudumu mmoja wa afya, kuanzia Sigino hadi Nakwa. Gari la wagonjwa ni moja, na dereva wake ni Aniceti. Chaneli nayo ni moja. Wawili wakisema kwa wakati mmoja, mimi hapa kituoni simsikii hata mmoja wao, nasikia mkwaruzo. Redio hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Usiku tunategemea simu, pale mtandao unapokuwepo.

Kanuni ya kupokezana nimeitunga mimi. Kituo hutoa mlio kila nusu dakika. Mwenye ujumbe hupiga mara tu baada ya mlio. Asiposikia nikirudia jina la mahali pake, ajue amegongana na mwenzake. Hapo achukue kopo lenye punje tano za mahindi na harage moja, na kwa kila mlio achomoe kimoja bila kutazama, kisha akirudishe. Likitoka harage, apige. Ikitoka punje ya mahindi, anyamaze. Hakuna cheo wala umri ndani ya kopo.

Nami, kwa kila mlio, naandika katika kitabu cha kituo neno moja kati ya matatu: jina la aliyesikika, au kelele, au kimya.

Hisabati niliyoifundisha kwa miaka thelathini na moja inauita mfululizo wa namna hii mnyororo wa Markov. Idadi ya watakaokuwa wanangoja katika mlio ujao hutegemea idadi ya wanaongoja sasa, basi. Mnyororo haukumbuki walifikaje hapo. Nimeukokotoa kwa mkono, na nimeridhika.

4 Machi

Manyunyu tangu alfajiri. Miito tisa, kelele mbili.

5 Machi

Hakuna cha kuandika.

9 Machi

Filbert, fundi cherehani ambaye ndiye mhudumu wetu wa Nakwa, alikuja kubadilisha betri. Nilikuwa nimeona kwamba Nakwa hupenya haraka kuliko wengine, nikamwomba kopo lake. Ndani mlikuwa na punje mbili na harage.

"Filbert, punje tatu ziko wapi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Punje tatu ziko wapi?"

"Panya, Mwalimu. Nakwa mwaka huu tuna panya wa ajabu."

"Panya aliyekula mahindi akaacha harage?"

"Huyo ana vidonda vya tumbo. Maharage yanamjaza gesi."

Aniceti, aliyekuwa akifuta kioo cha gari uani, alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Mimi sikucheka. Nilizijaza punje tano mwenyewe, nikamwambia Filbert kwamba kila punje anayoitoa anamnyang'anya mwenzake zamu. Nilimwandika moyoni kuwa mtu asiyeaminika.

14 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Barabara ya Sigino bado inapitika.

19 Machi

Leo palikuwa na mafunzo ya wahudumu tisa hapa kituoni, na lilitokea jambo ninalopaswa kulieleza kikamilifu.

Gaudiosa, ambaye wengi mnamwita Mama Damasi, ni mkulima wa Sigino aliyewazalisha wanawake miaka ishirini kabla ya redio hizi kuletwa. Katika kitabu nilikuwa nimeona kwamba kelele zikizidi, Sigino huwa haisikiki kabisa, halafu huibuka baadaye. Nikamuuliza mbele ya wenzake.

"Mama Damasi, kopo lako lina punje ngapi?"

"Inategemea, Mwalimu."

"Haitegemei. Ni tano."

"Nikisikia watu wamesongamana, naongeza za mahindi. Juzi nilifika kumi na mbili. Kukitulia napunguza. Ni kama mlango wa kanisa siku ya sikukuu. Ukirudi nyuma kidogo, mlango unapitisha watu."

"Na kama una mama anayetokwa damu?"

"Hapo ndipo ninaporudi nyuma hasa. Nikisukuma tunakwama wote, na yeye yuko mgongoni kwangu."

Wapo waliotikisa vichwa kumuunga mkono. Nilisimama. Nilisema kwamba kanuni ina heshima yake kwa sababu haimwachii mtu yeyote kukadiria, na kwamba kila mhudumu akiongeza na kupunguza kwa masikio yake tutarudi kwenye upendeleo. Nilisema kwa sauti ya darasani. Nikamtaka azihesabu punje tano mezani. Akazihesabu moja moja, akafunika kopo.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimwona mkaidi. Naliandika neno hilo kwa sababu mliniagiza nisifute.

20 Machi

Mvua. Miito kumi na saba.

23 Machi

Mvua. Aniceti amebadilisha tairi mbili.

27 Machi

Xaveria, binti wa marehemu kaka yangu, alikuja kunisalimu akitokea kliniki. Ameolewa na Vicent huko Sigino, na mimba yake imebakiza wiki tatu hivi. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji na hakuishi. Kliniki imemshauri ahamie mjini, karibu na hospitali, siku kumi kabla ya kujifungua. Nilimwambia chumba kipo hapa kwangu.

"Shangazi, palizi imetuelemea. Vicent akibaki peke yake magugu yatatuzidi."

"Magugu yapo kila mwaka."

"Na redio si ipo? Kwa Mama Damasi ni hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu. Akipiga, wewe ndiye unayesikia. Gari liko uani kwako." Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Au huiamini kanuni yako mwenyewe?"

Nilimjibu kwamba naiamini. Tukakubaliana aje baada ya palizi, tarehe 14 Aprili. Nilimsindikiza hadi barabarani, na nilijisikia fahari, kwa kuwa mtu wa damu yangu alikuwa ameweka maisha yake juu ya hesabu yangu.

30 Machi

Miito ishirini na miwili. Kelele nyingi, lakini zilipungua zenyewe.

2 Aprili

Mtandao wa simu ulikatika tangu asubuhi hadi adhuhuri, na watu wote wakakimbilia redio. Kwa hesabu yangu, ilipofika saa nne waliokuwa wakingoja walikuwa kumi na wanne. Nilikaa nikiandika kelele, kelele, kelele, jina, kelele. Saa sita kasoro hakuna aliyebaki.

Naukiri ukweli: nilifurahi. Kuna kauli isiyopingika kwamba mnyororo wenye hali chache, zenye kikomo, kama huu wetu wa redio thelathini na nane, daima utarudi kwenye sifuri. Nimeifundisha kwa vizazi vya wanafunzi. Leo nimeiona kwa macho.

5 Aprili

Mvua ilinizuia kutoka, nikaketi na kalamu. Furaha ya juzi ilikuwa imenisumbua. Nilitaka kujua mnyororo ulirudi kwenye sifuri kwa nguvu gani.

Sikilizeni hesabu yenyewe. Wakiwa wanangoja sita, katika milio kumi takriban minne humpitisha mtu. Wakiwa kumi na wawili, chini ya mitatu. Wakiwa ishirini, mmoja tu. Wakiwa thelathini, inahitajika milio arobaini, yaani dakika ishirini nzima, kumpitisha mtu mmoja. Sasa ongezeni siku ya mvua kubwa, ambapo mwenye ujumbe mpya hujitokeza kila dakika tano, sawa na mmoja kwa milio kumi. Chini ya ishirini, wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia, na mnyororo hushuka wenyewe. Juu ya ishirini mambo yanageuka. Kila anayengoja anamzuia mwenzake, wanaoingia wanawashinda wanaotoka, na mnyororo hupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba.

Ile kauli isiyopingika bado ni ya kweli. Utarudi. Haikusema lini. Sikuwahi kumwuliza mwanafunzi swali hilo, wala kujiuliza mwenyewe.

Kanuni yenye punje tano zisizobadilika si thabiti. Inaonekana thabiti siku zote mpaka siku utakapovuka kile kizingiti. Dawa yake ni moja: kelele zikizidi, kila mtu aongeze punje za mahindi, kimya kikizidi, apunguze. Niliiandika dawa hiyo kwa alama za hisabati, nikaitazama, nikamwona Mama Damasi akihesabu punje mezani.

Ningeweza kuitangaza kesho saa moja asubuhi kwa sentensi mbili. Nimeamua kuipeleka kwenye kikao cha tarehe 14, ikiwa na majedwali yake, ili isionekane kwamba nabadilisha kauli ovyo.

7 Aprili

Mvua.

8 Aprili

Mvua. Korongo la Sigino limejaa; gari sasa linazunguka njia ya juu.

10 Aprili

Mvua na upepo tangu adhuhuri. Simu hazishiki popote.

11 Aprili

Ilinyesha usiku kucha. Mtandao haukurudi. Kwa hiyo ilipofika saa moja asubuhi, nilipowasha mitambo na kutoa mlio wa kwanza, karibu kila mhudumu alikuwa na jambo la usiku aliloshindwa kulisema. Walipiga wote kwa pamoja. Mkwaruzo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Aniceti aliingia ndani akidhani spika imepasuka.

Sikuhitaji kukokotoa. Mnyororo haukupanda hatua kwa hatua hadi kwenye kizingiti. Ulianzia juu yake.

Nami nilifanya nini? Niliandika. Kelele, kelele, kelele. Nilijiambia kwamba tarehe 2 pia ilianza vibaya. Nilijiambia kwamba kubadilisha kanuni katikati ya vurugu kutaongeza vurugu. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na mlio wangu ulikuwa ukisikika katika redio zote. Saa moja na nusu nilikuwa nimepata jina moja.

Gari lilikuwa uani, injini ikinguruma.

"Mwalimu, niende?"

"Uende wapi, Aniceti?"

"Popote. Kwa kelele hizi kuna mtu anaumwa."

"Tutaharibu. Ukienda Nakwa na mwito ukatoka Sigino, je? Subiri jina."

Alizima injini. Baada ya muda aliiwasha tena, akaniangalia kupitia dirishani, akaizima. Hakuniuliza tena.

Saa mbili na nusu ikapita. Majina matano, na hakuna hata moja lililohitaji gari: wawili walitaka dawa, watatu walitoa habari za barabara. Ndipo mlango ukasukumwa akaingia Filbert, yule niliyemwandika kuwa haaminiki, tope hadi magotini, redio yake ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeizima."

"Umeizima nini?"

"Redio. Nimepiga, nimepiga, nikaona mimi ndiye kelele. Nikasema bora nije kwa miguu nipunguze mmoja. Kuna mama Nakwa, kifafa cha mimba. Amekwisha anguka mara mbili."

Fundi cherehani alikuwa ametembea katika mvua ili kunieleza kile kilichokuwa kimelala mezani kwangu kwa siku sita. Nilimtuma Aniceti Nakwa papo hapo. Kisha nikabonyeza kipaza sauti, saa mbili na dakika arobaini, nikasema: wote nyamazeni, wekeni makopo chini, nitaita mahali kwa mahali. Walinyamaza mara moja. Walikuwa wakisubiri kuambiwa.

Nilipofika Sigino niliita mara tatu. Hakuna aliyejibu. Niliandika: Sigino, kimya. Nikaita panapofuata. Niseme nilichokifikiri? Nilifikiri Mama Damasi hana ujumbe, nikashukuru.

Kumbe Xaveria alikuwa amefika kwa Mama Damasi saa moja na robo, akishika kovu la upasuaji wa zamani. Mama Damasi alimwangalia mara moja tu akajua kwamba mji wa mimba unapasuka. Alipiga. Alipiga kwa muda wa saa moja na dakika tano, kopo mapajani, punje tano na harage moja. Saa mbili na dakika ishirini Vicent na majirani watatu walimlaza Xaveria kwenye machela ya miti na blanketi, wakaanza kushuka kwa njia ya juu. Mama Damasi alikwenda nao akimshika mkono. Redio ilibaki mezani kwake, imewashwa. Ndiyo niliyoiita.

Aniceti, akiwa amemfikisha yule mama wa Nakwa hospitali salama, alikutana na machela saa nne kasoro robo, karibu na mjini. Mtoto alikuwa amekwisha fariki. Xaveria alifariki kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

12 Aprili

Tumemzika Xaveria pamoja na binti yake. Mvua haikukatika.

14 Aprili

Kikao kilifanyika. Majedwali niliyoyaandaa sikuyafungua. Niliwaambia wahudumu kwamba kuanzia sasa kila mmoja ataongeza punje akisikia msongamano na kupunguza kukitulia, na kwamba siku ya mafuriko kituo kitaita kwa majina tangu mlio wa kwanza. Nilisema njia hii ni ya Mama Damasi, na kwamba nilimzuia kuitumia mbele ya watu wanane.

Baadaye nilimfuata nje.

"Harage lilitoka mara ngapi, Mama Damasi?"

"Mara ishirini na mbili."

"Hukuongeza punje?"

"Nilitaka. Nikasema labda Mwalimu anajua kitu ambacho mimi sikijui." Alikuwa akikunja khanga yake, hakuniangalia. "Ulikuwa unakijua?"

"Nilikuwa najua kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Tangu tarehe 5."

Alimaliza kukunja khanga. "Basi hilo usinieleze mimi," akasema. "Mweleze Vicent."

Naongeza ukweli mmoja wa hisabati, isije ikaonekana namlaumu Mama Damasi. Punje zake peke yake zisingemwokoa Xaveria. Walihitajika watu thelathini wafanye kama yeye. Nane kati yao walikuwa chumbani siku ile, baadhi wakitikisa vichwa kumuunga mkono, na niliwafundisha kuacha.

17 Aprili

Mvua. Miito thelathini na minne, yote imepita.

25 Aprili

Mvua kubwa kuliko ya tarehe 11. Hakuna aliyengoja zaidi ya dakika sita.

2 Mei

Sijakwenda kwa Vicent. Nimefika kwenye korongo mara mbili nikarudi.

9 Mei

Vicent amekuja mwenyewe, asubuhi, baada ya kupeleka maharage ya kuuza sokoni. Alikataa chai. Nilimweleza la tarehe 5, sentensi kwa sentensi, kama nitakavyowasomea ninyi. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Mama Damasi anasema unaandika kila mlio," akasema. "Nataka kukiona kitabu."

Nilimfungulia ukurasa wa tarehe 11. Milio mia mbili, kuanzia saa moja hadi saa mbili na dakika arobaini. Majina matano. Kimya kimoja. Nyingine zote, mia moja tisini na nne, ni neno lile lile kwa mwandiko wangu, kurasa nne.

"Ipi ni ya mke wangu?"

"Ishirini na mbili kati ya hizi."

"Nauliza ipi."

"Sijui, Vicent. Wakigongana hakuna anayeweza kuwatenganisha. Kinachobaki ni kelele."

Aliketi. Aliuvuta ukurasa, akaweka kidole chake kwenye mstari wa saa moja na robo.

"Hapa ndipo tulipoingia. Nisomee, Shangazi. Na saa yake."

Nikamsomea. Saa moja na robo, kelele. Saa moja na robo na nusu dakika, kelele. Hakunikatiza ila mara chache. Kwenye mstari mmoja alisema, "Hapa aliomba maji." Kwenye mwingine alisema, "Hapa bado alikuwa anajibu." Mstari ulipokuwa na jina la mtu wa mahali pengine, kidole chake kiliuruka bila kusimama. Tulifika saa mbili na dakika ishirini, nikaacha kusoma, nikijua kwamba hapo ndipo walipombeba wakatoka, na redio ikabaki peke yake mezani.

Ilikuwa imebaki mistari arobaini. Kidole hakikuondoka.

"Hizo pia," alisema. "Hapo tulikuwa njiani, na gari lilikuwa hapa."

Nikaendelea kusoma.